Maneno ya Kuwafundishia Watoto Habari za Dinosaria na Mabara

Mwalimu wa watoto wadogo katika Bukoba au Muleba, atakaye kuwasimulia habari za dinosaria, hana budi kwanza kuyapima maneno yake. Aghalabu kisa huanza kwa "hapo zamani za kale", na mnyama huitwa mjusi. Mtoto amjua mjusi wa ukutani. Akiambiwa kwamba mjusi aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, kiunzi chake kilichoko Berlin chapita mita 13 kwa kimo, atacheka, na ana haki ya kucheka. Wataalamu wenyewe wamempa jina lenye twiga ndani yake, Giraffatitan, wala hawakukosea kwa ile shingo.

"Zamani za kale" ina hatari zaidi. Humo ndimo akaamo Mugasha, mwenye ziwa katika masimulizi ya Wahaya, pamoja na sungura na fisi. Dinosaria wa Tendaguru, aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, akitiwa kapu hilo hilo, mtoto atamwamini kwa kadiri amwaminivyo sungura. Heri aonyeshwe magenge ya Bukoba na kuambiwa kwamba mawe yale ya mchanga ni ya kale kuliko dinosaria mara kadhaa, hata asihangaike kutafuta mfupa humo.

Na mabara je? Wengine husema "yaelea". Mtoto wa pwani ya ziwa huona mtumbwi. Wengine "yahama", kana kwamba yamefunga mizigo. Mimi napendelea "kusogea", kwa sentimita chache kila mwaka, kama ukucha urefukavyo. Mfano u karibu: ardhi ya magharibi iliponyanyuka kando ya Bonde la Ufa, mito iliyoelekea huko, Kagera ukiwamo, ilirudishwa nyuma, na maji yakatuama yakawa ziwa.

Walakini "kusogea" nalo lina upole wa kudanganya. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 katika Kagera. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa hawajazaliwa, lakini nyumbani wamesikia habari za kuta zilizoanguka. Mmoja akiuliza kama ardhi itatikisika tena, mwalimu asijifiche nyuma ya neno laini. Na amwambie kwamba ardhi hujivuta polepole, miaka kwa miaka, kisha mwamba huteleza kwa ghafla. Na siku hiyo haijulikani.