Trela Iliyolala Miaka Mingi: Kazi Huanzia Chini ya Chesisi

Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream ya Marekani, aliondoka Cape Town akiongoza msafara wa trela 41 za aluminiamu, zile ambazo mtu hulala, hupika na kuoga humo humo. Wakapanda kaskazini kwa vumbi na matope, wakapita Kongo iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, hadi wakafika Cairo mwaka 1960. Trela za ukoo huo zinaundwa hadi leo katika mji wa Jackson Center, jimbo la Ohio, na za zamani hubadilisha mikono kila siku. Nyingi zinazouzwa hazikuchakazwa na safari. Zimeegeshwa ghalani au nyuma ya nyumba miaka kumi na zaidi, mwenyewe kazeeka au kafariki, na watoto wanataka uwanja wao.

Mnunuzi akishaifikisha nyumbani, mkono wake huenda kwenye kile kinachoonekana: anasugua aluminiamu ing'ae, anabadilisha mapazia, anapaka makabati rangi. Pesa zikiisha hapo, trela inaingia barabarani ikiwa nzuri kwa sura na hatari kwa miguu. Mafundi waliobobea katika kazi hii hufuata mpangilio mwingine kabisa, na mpangilio huo ndio wenye thamani. Wanaanza na kile kinachoweza kuua mtu barabarani, wanafuata kinachoweza kumuua akiwa amelala, kisha kinachoozesha trela yenyewe. Urembo hungoja.

Tairi ndilo la kwanza, na ndilo linalodanganya kuliko vyote. Kashata zake bado ni ndefu kwa sababu halijatembea, kwa hiyo jicho linaona tairi jipya. Umri wake umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Palipoandikwa 2314, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Jua na ozoni hulikausha, na lisipozunguka, kinga iliyochanganywa ndani ya mpira haipandi juu kama inavyopaswa. Nyufa nyembamba huanza kuonekana ubavuni. Za ndani hazionekani. Likipasuka kwenye barabara kuu, ukanda wa mpira unaochanika huchapa sakafu, mabomba na nyaya zilizo juu yake kwa nguvu ya kung'oa bati. Ndiyo maana tairi la trela lililopita miaka mitano au sita hubadilishwa bila mjadala, na valvu ya mpira hubadilishwa nalo. Linalowekwa liwe limeandikwa ST, yaani limeundwa kwa ajili ya trela, na mwendo wake wa mwisho usomwe, maana mengi ya aina hiyo yana kikomo cha kilomita 105 kwa saa.

Nyuma ya gurudumu kuna beringi. Hapa hakuna njia ya mkato: dramu inatolewa, grisi ya zamani inafutwa yote, na kila rola inatazamwa kwenye mwanga. Trela ikikaa muda mrefu, mafuta ya grisi hujitenga na kutiririka chini, sehemu ya juu ya beringi inabaki kavu, na unyevu wa usiku unafanya kazi yake. Doa la kutu dogo kama kichwa cha pini linatosha. Fundi hupitisha ukucha juu ya bakuli ambamo beringi huzunguka. Ukucha ukikwama popote, beringi na bakuli lake vyote hutupwa. Grisi nyeupe kama maziwa nayo ni ushahidi kwamba maji yaliingia, na sili ya nyuma imechoka.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Grisi mpya husukumwa kwa kiganja kuanzia upande mpana wa beringi hadi itokeze upande wa pili, kati ya kila rola na mwenzake. Kisha nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kwa nguvu ya kama nyutoni-mita 68, ili beringi ikae sawasawa na grisi iliyozidi itoke. Baada ya hapo nati hulegezwa, inarudishwa kwa vidole tu, na pini inapitishwa kuizuia. Fundi asiyejua huiacha imekazwa akidhani ndiyo usalama. Chuma kikipata joto hutanuka, beringi inakosa nafasi, inaungua, na gurudumu zima linaweza kung'oka. Dexter, mtengenezaji mkubwa wa ekseli hizi, anataka kazi hiyo irudiwe kila mwaka au kila kilomita 19,000 hivi, kinachotangulia.

Dramu ikiwa bado mkononi, breki zinakaguliwa hapo hapo. Trela nyingi za Marekani hufunga breki kwa umeme. Ndani ya dramu kuna sumaku. Dereva akikanyaga breki, umeme unafika, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu unaozunguka, inaburuta mkono wa chuma, na mkono huo unasukuma viatu vya breki. Uso huo ukiwa na kutu, sumaku inashika kwa kurukaruka, kwa hiyo husuguliwa kwa msasa au kuchongwa upya. Sumaku ya kawaida hupimwa kwa mita na kusoma ohmu 3 na kidogo. Ikisoma sifuri imeungua. Isiposoma kitu waya umekatika, na mara nyingi umekatikia ndani ya bomba la ekseli, ambako ulikuwa ukisuguana na chuma kila trela ilipotikisika.

Kuna kebo nyembamba inayosahaulika. Hufungwa kwenye gari linalovuta, na trela ikichomoka, kebo huchomoa pini ya swichi ya dharura, na betri ya trela yenyewe inafunga breki zote. Betri iliyokaa miaka bila kuchajiwa imekufa, kwa hiyo kinga hiyo nayo imekufa. Betri basi inastahili kuhesabiwa kama sehemu ya breki, hata kama mwenye trela anaiona ni ya taa tu. Ikijaa na kupumzika hutoa volti 12.6. Ikiwa chini ya 12 baada ya kuchajiwa usiku kucha, inunuliwe nyingine. Kuijaribu kinga hiyo, pini ichomolewe, trela ivutwe taratibu, magurudumu yagome, kisha pini irudishwe upesi kabla sumaku hazijapata moto.

Kwa Airstream ndefu za miaka ya 1970 kuna ugonjwa wa peke yake. Sakafu ya plaiwudi imebanwa kati ya chesisi na ganda la aluminiamu, na sehemu ya nyuma maji ya mvua hupenya juu ya bampa na kuilowesha mbao kimya kimya. Mbao ikioza, ganda na chesisi huachana. Kipimo chake hakihitaji chombo: mtu mzito anasimama juu ya bampa la nyuma na kurukaruka, mwingine anatazama. Bampa likishuka na ganda likabaki palepale, kuna kazi kubwa mbele, na bei inapaswa kushuka kabla ya pesa kutoka mfukoni. Ndani, bisibisi inachomwa pembeni kote, chini ya vitanda na karibu na mlango. Inapozama, pameoza.

Panya ni jambo zito kuliko linavyosikika. Katika majira ya joto ya 2012, watu 10 waliotembelea hifadhi ya Yosemite, California, waliugua virusi vya hanta, vinavyoenezwa na panya, na 3 wakafariki. Wengi wao walilala katika vibanda vya turubai vyenye kuta za tabaka mbili, na panya walikuwa wametengeneza viota katikati ya tabaka hizo. Ukuta wa trela umejengwa vivyo hivyo, na fibaglasi ndani yake ni godoro la panya. Ufagio na mashine ya kufyonza vumbi haviguswi. Milango hufunguliwa nusu saa, kinyesi na viota vinaloweshwa kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, vinaachwa dakika tano, kisha vinaokotwa kwa glavu.

Gesi hujaribiwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, mipira iliyopasuka hutupwa, na vichomeo husafishwa kwa sababu buibui na nyigu hupenda kujenga ndani yake. Kengele ya gesi ina tarehe ya mwisho nyuma yake. Mabomba ya maji yajazwe hewa kwanza: bomba la shaba lililopasuka kwa baridi litapiga mluzi, badala ya kumwaga maji juu ya plaiwudi iliyorekebishwa jana.

Siku ya kutoka, mzigo hupangwa ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito ikae mbele, juu ya kiungo cha kuvutia. Pungufu ya hapo, trela huanza kuyumba kwa mwendo wa barabara kuu. Nati za magurudumu hukazwa kwa spana yenye kipimo, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 16, 40 na 80, kwa kuwa rimu hujikalisha upya. Katika kila kituo dereva anasogeza kiganja karibu na kila dramu. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, safari inaishia hapo na gurudumu hilo linafunguliwa upya.