Dola Bandia za Uchina na Hila ya Kujaza Tumbo

Katika karne ya 19, dola za fedha zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Guangzhou, kwanza za Wahispania zenye sura ya mfalme, kisha za Meksiko zenye tai, zilipokewa kwa uzito na usafi wa madini yake wala si kwa amri ya serikali. Na kwa sababu hiyo mtambuzi wa sarafu, aliyezipima moja moja na kuzigonga muhuri mdogo wa kuzidhamini, alikuwa mtu asiyeepukika. Mihuri hiyo ingali inatufaa, kwani chuma kilipozama katika dola iliyopakwa fedha juu tu, aghalabu wekundu wa shaba ulijitokeza shimoni. Ila waghushi nao walijifunza kugonga mihuri.

Dola ya kupakwa ni hila ya mwanagenzi. Fundi hodari aliichukua dola halali, akaipasua kwa msumeno mwembamba, akaukwangua moyo wake na kubakiza maganda mawili ya fedha safi, akajaza madini duni, kisha akaulehemu ukingo na kuuchonga upya miraba yake, hata nakshi zote mbili zikawa ni za kweli kabisa. Huyu hashikwi kwa macho, wala kwa jiwe la kupimia, wala kwa mashine ya eksirei wanayoitegemea mno wauzaji wa leo, maana mashine hiyo haisomi ila tabaka jembamba la juu.

Hapo ndipo maji yanapofaa. Dola ya Kichina yenye sura ya rais Yuan Shikai, iliyoanza kupigwa mwaka 1914, ina uzito wa yapata gramu 26.8, na fedha yake ni kiasi cha sehemu 89 katika 100, zilizobaki zikiwa shaba. Ukiining'iniza kwa uzi ndani ya maji uzito wake hupungua kwa gramu 2.6 hivi, na ukigawa hesabu ya kwanza kwa ya pili utapata 10.3, yaani sarafu ni nzito mara 10.3 kuliko maji ya ujazo wake. Shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, haifiki 9, kwa hiyo sarafu yake ya umbo lile lile itakuwa na upungufu wa gramu nne au zaidi, na mghushi akitaka kuufidia hana budi kuinenepesha.

Hata hivyo, hesabu hii nayo ina mlango wa nyuma. Risasi ni nzito kuliko fedha, na shaba ni nyepesi. Mwenye kuzipatanisha kwa kadiri ndani ya yale maganda aweza kuifikia 10.3 barabara. Lakini risasi huua mlio: dola halali ikisawazishwa juu ya ncha ya kidole na kuguswa kwa nyingine hulia kwa sauti kali inayodumu, ilhali ya kujazwa hutoa kishindo kifupi na kunyamaza.