Rangi Isiyopakwa

Kijana anayesomea ufundi wa vyuma katika chuo cha VETA Mikumi akiambiwa kipande kiwe cha bluu, atauliza rangi iko kopo gani. Ana haki. Lakini skrubu ya titani inayofunga mfupa uliovunjika haijui brashi. Bluu yake ni kazi ya umeme.

Fundi wake huanza na usafi wa kupitiliza, kwani alama ya kidole tu huacha doa. Huitundika kwa waya wa titani, huitumbukiza kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo, kisha huiunganisha na upande chanya. Volti zikipanda, rangi zinapishana machoni pake: hudhurungi, zambarau, bluu kwenye 30 hivi, dhahabu karibu na 60, kisha waridi, na kupita 90, kijani. Kinachokua pale ni utando wa oksidi, na kwenye bluu hauzidi nanomita makumi kadhaa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi ikazuka, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi la stendi.

Ustadi ni kujua pa kukomea. Akiipita bluu, kushusha volti hakuirudishi. Utando utaondolewa kwa asidi, aanze upya. Na pale waya uliposhika hubaki kidoa kisicho na rangi, ambacho fundi makini ameshakipangia pa kujificha.

Urembo huu una kazi. Daktari akinyoosha mkono, muuguzi huitambua skrubu kwa rangi bila kuhangaika na tarakimu ndogo. Ila kila kiwanda kina mpangilio wake. Sinia ikichanganywa skrubu za viwanda viwili, rangi inageuka mtego, na uzembe wa mtu mmoja unafuta uangalifu wote wa fundi.

Mikumi inaijua mifupa iliyovunjika. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata hifadhi ya wanyama ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, malori usiku na mchana, bodaboda katikati yake. Wenye majeraha makubwa hufikishwa hata MOI, Muhimbili, taasisi ya mifupa iliyoanzishwa 1996, ambako misumari ya mifupa iitwayo SIGN, ya chuma kisichoshika kutu, imeunga miguu mingi. Chuma hicho ni nafuu. Titani ni ghali, ingawa mchanga wake ulipakiwa melini kutoka Kwale, Kenya, tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma 2024. Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani hugeuzwa kuwa weupe kama ule wa kupaka kuta!

Kinachouma zaidi ni karatasi. Mgonjwa akirudi kwao wilayani Kilosa, iliko Mikumi, bila maandishi yanayotaja aina ya skrubu alizowekewa, daktari atakayezitoa miaka ijayo atakisia bisibisi. Isiyokaa sawa hula kichwa cha skrubu, na kazi fupi inamaliza asubuhi nzima.