Nani Aliyeuliza? Kusoma Maisha ya Waliohamishwa kwa Nguvu, kutoka Nkhotakota hadi Dzaleka

1.0 Utangulizi

Katika Kichewa, neno ndidzaleka lina maana ya "nitaacha": ndi- ni nafsi ya kwanza umoja, -dza- ni kiambishi cha wakati ujao, na -leka ni kuacha. Jina la Dzaleka, mahali palipo katika wilaya ya Dowa, safari fupi ya gari kaskazini mwa Lilongwe, linatokana na kauli hiyo, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Lilikuwa jina la gereza kabla ya kuwa jina la kambi. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda walifungwa hapo watu waliohesabiwa kuwa wapinzani wa dola, wakiwamo Mashahidi wa Yehova. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha kuu za mawasiliano baina yao. Hivyo basi, watu wasiohukumiwa kwa kosa lolote wanaishi chini ya jina ambalo ni kauli ya toba.

Makala hii inahakiki namna tunavyosoma maisha ya mtu aliyehamishwa kwa nguvu, tukianzia kwa mfungwa wa karne ya 19 na kuishia kwa mkimbizi wa sasa. Hoja yake ni moja. Maisha ya mtu wa aina hii hutufikia yakiwa jibu la swali la mwenye mamlaka, na msomaji anayelisoma jibu bila kulitafuta swali husoma nusu ya matini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tunapaswa kuongeza kwamba kuuliza ni mamlaka pia.

2.0 Umbo la Simulizi la Mfungwa

Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza iliwapeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000. Kuanzia mwaka 1858, baada ya maasi ya India, iliwapeleka wengine katika visiwa vya Andaman. Wengi wao tunawajua kwa daftari la mahakama, orodha ya meli, kumbukumbu za mwenendo na, kwa waliobahatika, barua ya maombi. Barua hiyo ilikuwa na umbo lake: kosa, majuto, mwenendo mwema, kisha ombi. Aliyeridhiwa alipewa cheti kilichomruhusu kujitafutia kazi ndani ya wilaya aliyotajiwa, kabla ya kifungo chake kwisha. Kwa maneno mengine, "nitaacha" ilikuwa na bei, na kila mwombaji aliijua bei hiyo.

Uhakiki unaochukulia barua hizo kuwa dirisha la nafsi ya mfungwa hukosea utanzu. Majuto yaliyomo yanaweza kuwa ya kweli. Lakini yangekuwamo hata kama si ya kweli, kwa kuwa bila hayo barua isingekuwa na kazi. Mfano wa James Hardy Vaux unatosha. Kumbukumbu zake zilichapishwa London mwaka 1819, wakati mwandishi alikuwa amekwisha kuhamishwa hadi New South Wales mara mbili. Baadaye akahamishwa mara ya tatu. Kitabu kilikuwa na mwisho; maisha hayakuutii mwisho huo.

3.0 Jumbe wa Mwisho

Upande wetu wa Bahari ya Hindi hatukukosa watu wa aina hiyo. Mwaka 1837 viongozi wa Wamazrui wa Mombasa walikamatwa na watu wa Sayyid Said wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Mwaka 1899 Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabalega aliachiwa mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwao.

Kwa Malawi, mfano ulio karibu zaidi ni wa Nkhotakota, kwenye ufuo wa ziwa, kaskazini-mashariki ya Dowa ukishapita Ntchisi. Hapo Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, alianzisha utawala katika miaka ya 1840, na warithi wake wakaitwa Jumbe. Utawala huo ulijengwa juu ya biashara ya pembe na ya watumwa, na hakuna uhakiki wa haki unaoweza kulificha jambo hilo. Mwaka 1889 Jumbe wa wakati huo alifanya mkataba na Harry Johnston. Katikati ya miaka ya 1890 mrithi wake, Jumbe wa mwisho, aliondolewa madarakani na kupelekwa Zanzibar, ambayo tangu mwaka 1890 ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza hiyohiyo. Alitolewa mkono mmoja akatiwa mkono wa pili wa mwili uleule.

Tuitazame sentensi iliyotangulia: "aliondolewa... kupelekwa". Ndivyo historia inavyomtaja. Kiambishi cha kutendwa, -w-, kimemmeza mtenda, na msomaji hashtuki. Aidha, kumpeleka mtu wa ukoo wa utawala uliokaa ziwani nusu karne kwenye pwani alikotoka mwasisi wake ni kitendo kinachoweza kuandikwa "kurudishwa" kwa urahisi uleule wa kuandikwa "kufukuzwa". Ni kitenzi kilichochaguliwa ndicho kinachoamua kwao ni wapi.

Linganisha na Tippu Tip. Tawasifu yake, iliyotolewa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni ya mtu aliyekwisha kustaafu Zanzibar, mwenye mali na jina, asiyeomba cheti cha mtu. Anahesabu pembe na vita kwa utulivu wa mwenye daftari lake mwenyewe. Toba haimo, kwa sababu hakuna aliyeidai. Tofauti kati yake na Jumbe wa mwisho haitokani na uzito wa makosa yao. Inatokana na nani alikuwa na nafasi ya kusimulia bila kuhojiwa.

4.0 Swali Linaloulizwa Dzaleka

Mkimbizi si mfungwa, na ulinganisho huu una hatari ya kumwongezea doa asilostahili. Ninaukubali upinzani huo, na ndiyo sababu sifananishi watu, nafananisha matini. Barua ya mfungwa ilidai majuto. Mahojiano ya maombi ya hifadhi yanadai mateso, yaliyopangwa kwa tarehe, mahali na majina. Katika hali zote mbili msimulizi hujifunza umbo linalolipa, na yale yasiyoingia katika umbo hilo huachwa nje: biashara aliyokuwa nayo, mapenzi, ucheshi, ugomvi wa shamba.

Kiswahili kinaongeza tatizo ambalo watafiti wa lugha hatuna udhuru wa kulinyamazia. Tuchukue mfano wa kubuni. Msimulizi anasema, "Mama alibaki Uvira," kisha baadaye, "Mama alifariki kabla ya vita." Anayejua kwamba mama mdogo na mama mkubwa huitwa mama haoni mgongano. Lakini kumbukumbu za ofisi nchini Malawi huandikwa kwa Kiingereza, na katika karatasi hiyo mama ni mmoja: amekufa na yu hai. Mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu akisikia "yaya alitutangulia", anaweza kuandika mlezi wa watoto, ilhali katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa. Kosa hilo likishaandikwa, hubeba jina la msimulizi, si la mkalimani.

Kuna tofauti ya kisarufi iliyo nzito kuliko hizo. Msimulizi anaposema "walikuja usiku, wakatutoa", kipatanishi wa- kinatosha kwake: anayesikiliza anajua waliokuja ni nani, au anajua kwa nini hawatajwi. Mhojaji huuliza: akina nani? Kukosekana kwa jina huwa dalili ya uongo. Dola huandika "aliondolewa", ikamficha mtenda kwa -w-, na tukaiita historia. Mkimbizi husema "walikuja", akamficha mtenda kwa wa-, na tukamwita shahidi asiyeaminika. Viambishi viwili vinafanya kazi moja. Tofauti ni ya mamlaka ya msemaji.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini kurudi Dzaleka. Wengine walikamatwa Lilongwe na kupitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. "Kurudi" ndicho kitenzi kilichotumika, hata kwa waliokuwa wamejenga maisha yao mjini kwa miaka mingi. Msomaji wa habari za Jumbe wa mwisho anakitambua kitenzi hicho.

5.0 Matini Yasiyojibu Swali

Je, ipo sauti ya mtu aliyefungwa au kuhamishwa ambayo haikuanzia katika swali la mwenye mamlaka? Ipo. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa gerezani nchini Kenya, bila mtu kumwagiza. Na hakuna anayeyasoma leo kama maombi ya kuachiwa. Dzaleka kwenyewe, Menes la Plume, mshairi kutoka Kongo, alianzisha tamasha la Tumaini mwaka 2014, ambalo huwaleta Wamalawi kambini kusikiliza muziki na kutazama ngoma na maigizo. Jukwaani hakuna mhojaji. Msanii huchagua pa kuanzia na pa kunyamaza. Mhakiki anayetaka kuijua Dzaleka kwa maneno ya wakazi wake aanzie huko, kisha ayaendee majalada.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa washauri wa sera, makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mahojiano yanayofanywa kwa Kiswahili yahifadhiwe kwa sauti na kwa maandishi ya Kiswahili, si tafsiri peke yake, ili anayekata rufaa awe na matini ya kurejelea. Pili, wakalimani wapewe mafunzo ya lahaja za Kongo, hasa istilahi za ukoo, nyakati na mahali. Tatu, karatasi ya mahojiano ioneshe swali kama lilivyoulizwa, si jibu pekee. Mambo haya yamo ndani ya uwezo wa vyuo vinavyofundisha Kiswahili katika ukanda wa SADC, jumuiya iliyokipa lugha hii hadhi ya lugha rasmi mwaka 2019. Hadhi hiyo itapimwa kwa anayeihitaji zaidi.

Kwa watafiti wenzangu, pendekezo ni fupi. Jumbe wa mwisho hatuwezi tena kumuuliza kama Zanzibar ilikuwa kwao. Wakazi wa Dzaleka tunaweza kuwauliza, ilimradi swali letu lisiwe la kuwataka watubu wala la kuwataka walie.