Usawiri wa Mwanamke Mjuzi: Kutoka Machimbo ya Mutoshi hadi Maabara ya Betri

Mutoshi ni machimbo ya shaba na kobalti yaliyo karibu na mji wa Kolwezi, mkoani Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Enzi ya ukoloni yaliitwa Ruwe. Jina la Mutoshi lilienea ng'ambo hasa kati ya 2018 na 2020, wakati kampuni ya Chemaf, yenye haki ya eneo hilo, iliposhirikiana na kampuni ya biashara ya Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa wachimbaji wadogo wa Comiakol katika mradi wa majaribio. Kusudi lilikuwa kuutia uchimbaji wa mikono katika utaratibu: ua, vitambulisho, vifaa vya kinga, marufuku kwa watoto. Mradi ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19. Picha zake zimebaki, na zinastahili kusomwa kama yasomwavyo matini mengine yoyote.

Katika matangazo ya mradi mwanamke ana nafasi ya mbele. Amevaa kofia ya kinga na mavazi ya kazi, aghalabu anatabasamu. Ujumbe wake si mdogo, kwani katika machimbo mengi ya Afrika ya Kati imeenea imani kwamba mwanamke akikaribia shimo madini hutoweka, na kwa imani hiyo wanawake wamebakizwa kwenye kuosha na kuchambua mawe kwa malipo hafifu. Kumwonyesha mwanamke ndani ya ua wa Mutoshi ni kuipinga mila hiyo hadharani. Upande wa pili kuna taswira ya washtaki, mathalani ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 na kitabu cha Siddharth Kara, Cobalt Red, cha 2023. Huko mwanamke wa Lualaba ni mtu wa tope na maji machafu, mama wa watoto walio hatarini.

Taswira hizi mbili zinagombana karibu kwa kila jambo. Moja yasema ameokolewa, nyingine yasema ameangamizwa. Hata hivyo zote mbili humpa mwanamke mikono na uso, kisha zikaishia hapo. Anachokijua hakiulizwi.

Na anajua mengi. Heterojeniti, jiwe jeusi, hubeba kobalti. Ukijani wa malakiti huashiria shaba. Mwoshaji hulichagua jiwe kwa rangi na kwa uzito wake mkononi, kisha hutikisa chungio majini hadi udongo mwepesi uende zake na lililo zito libaki. Kanuni hiyo ya kutenganisha vitu kwa uzito ndiyo itumikayo katika viwanda vya kuchenjulia madini, ambako hufundishwa kwa fomula na hulipwa mshahara wa fundi. Mtoni huitwa kuosha tu.

Kuna jambo zito zaidi. Mawe yakifika kwa wanunuzi, kama kwenye soko la Musompo nje ya Kolwezi, bei huamuliwa na kifaa cha mkononi kipimacho kiwango cha madini kwa eksirei, nacho watu wote hukiita Metorex kwa jina la kibiashara. Kifaa hutoa tarakimu. Tarakimu huwa fedha. Wachimbaji wa Lualaba wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hawana namna ya kuzihakiki tarakimu hizo. Hapo ndipo sayansi inapokutana na mfuko wa mwoshaji, na hapo ndipo mwanamke wa kwenye picha huonekana kwa nadra mno. Kofia imekwisha kupewa, kipimo hakijapewa.

Huenda msomaji akapinga kwamba mwoshaji mawe hana shahada, hivyo si haki kumdai mpiga picha amwonyeshe kama mwanasayansi. Pingamizi hilo lina nguvu. Basi na ifuatwe kobalti mpaka mwisho wa safari yake, yaani kwenye betri, ambako mwanasayansi mwenye shahada yupo, tena ni Mkongo. Sandrine Mubenga ni mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, alikosomea na kufundisha. Mwaka 2018 alianzisha mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa sayansi nchini Kongo, na mwaka 2020 aliteuliwa kuongoza mamlaka ya kudhibiti sekta ya umeme huko huko.

Makala nyingi juu yake huanzia pamoja: akiwa na miaka 17 huko Kikwit aliugua, akahitaji upasuaji wa haraka, hospitali haikuwa na umeme, akasubiri siku tatu akiwa karibu na kufa. Kisa ni cha kweli, amekisimulia mwenyewe, na ndicho kilichompeleka kwenye fani yake. Lawama haimwangukii yeye. Inawaangukia waandishi ambao wakishamtoa hospitalini hawajui tena wampeleke wapi, wakarukia tuzo na vyeo. Kazi yenyewe hupewa nusu ya sentensi.

Kazi hiyo, iliyoanza kuchapishwa 2017, inaelezeka. Betri kubwa ya gari ni safu ya seli nyingi zilizounganishwa. Seli hazilingani, na iliyo dhaifu ikiishiwa betri nzima husimama ingawa nyingine bado zina nguvu. Njia moja ya kuzisawazisha huiunguza ziada ikawa joto: ni rahisi, lakini hupoteza umeme. Njia ya pili huihamisha nguvu kutoka seli hadi seli, ila ni ghali. Mubenga na wenzake waliigawa betri katika mafungu, wakatumia njia rahisi ndani ya kila fungu na njia ghali baina ya fungu na fungu. Maelezo hayo yamechukua sentensi tano. Mwandishi aliyepata nafasi ya kueleza homa ya msichana alikuwa na nafasi ya sentensi tano.

Mazoea haya hayakuanzia kwenye kobalti. Wangari Maathai alipata uzamivu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Magazeti yalimjua kama mama wa miti. Mwaka 1989 alipopinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru, Rais Moi alimtaka awaheshimu wanaume na kunyamaza kama mwanamke wa Kiafrika. Ulaya nayo haikufanya vizuri zaidi: mwaka 2012 Kamisheni ya Ulaya ilitoa filamu fupi ya kuwavutia wasichana kwenye sayansi, imejaa viatu virefu na rangi ya midomo, ikaiondoa kwa aibu baada ya siku chache.

Kiswahili chenyewe hakiwezi kusingiziwa. Mwanasayansi, mhandisi na mtafiti ni majina ya ngeli ya watu yasiyobagua jinsia. Wanahabari ndio waliobandika "mwanamama" na "mwanadada" mbele ya taaluma, kana kwamba taaluma isingesimama bila nguzo hiyo. Huko Kamituga, katika dhahabu ya Kivu ya Kusini, wanawake wapondao mawe huitwa twangaises, yaani kitenzi kutwanga kilichovishwa mkia wa Kifaransa wa jinsi ya kike. Ni uundaji wa maneno wenye werevu, lakini umeirudisha kazi ya madini kwenye kinu cha jikoni. Mwanamume apondaye mawe yale yale hajapewa jina la mchi.

Kolwezi ina chuo kikuu, na wasichana husoma humo. Kutoka hapo hadi Mutoshi ni kilomita chache. Picha inayokosekana haihitaji kutungwa studioni. Mnunuzi, gunia, kifaa, na mwanamke anayeisoma tarakimu kwa sauti kabla fedha haijahesabiwa.