Pongezi kwa Waunda Kenchi wa Karakana

Mwaka 1952, huko Florida, Marekani, Arthur Carroll Sanford alibuni bamba la chuma la kuungia mbao za paa. Miaka mitatu baadaye John Calvin Jureit wa Miami akatoa la kwake, ambalo meno yake yamechomoza kutoka kwenye bamba lenyewe. Nalipenda mno bamba hilo. Ni jembamba, na mara nyingi halizidi kiganja, lakini meno yake yamesimama safu kwa safu. Huwekwa pande zote mbili za kiungo, mashine ikaligandamiza, na mbao zikashikana.

Kwa hiyo paa huanzia mezani, karakanani. Mhandisi hupiga hesabu ya uzito wa vigae na nguvu ya upepo, msumeno hukata kila ubao kwa pembe yake, na kenchi ya kwanza hulingana na ya ishirini. Saitini, kreni hupandisha na mafundi hupanga. Mbao nyembamba za msonobari huvuka sebule pana bila nguzo katikati, kwa kuwa kenchi ni mbao zilizoungwa kwa pembetatu, na pembetatu haibadiliki umbo kirahisi.

Nawapongeza zaidi wanaofunga mbao za mkingamo, kazi isiyoonekana dari ikishapigwa. Kenchi ina nguvu ikisimama wima. Ikiyumba kwa ubavu ni dhaifu, na bila mkingamo safu nzima huweza kuanguka kabla bati la kwanza halijapigiliwa. Na fundi bomba anayekataa kukata hata ubao mmoja wa kenchi ili apitishe bomba lake, huyo naye anaijua kazi.