Katuni Nayo Ni Sinema: Uhakiki wa “Perfect Blue”

Miongoni mwetu walimu umeenea mtazamo kwamba filamu ya katuni ni kitu cha kumtuliza mtoto wakati mama yake anapika. Nami nilikuwa na mtazamo huo hadi mwanafunzi wangu mmoja aliponiletea insha kuhusu filamu ya aina hiyo. Niliirudisha bila kuisoma, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Chagua kazi ya maana.” Miezi kadhaa baadaye, nikisubiri basi Nyabugogo, niliikuta filamu hiyohiyo katika kibanda cha kunakilia filamu. Niliinunua kwa haya kuliko kwa hamu. Makala haya ni deni ninalomlipa mwanafunzi yule.

Perfect Blue ni filamu ya taharuki inayochimbua nafsi. Iliongozwa na Mjapani Satoshi Kon, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Alifariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 46. Mhusika mkuu ni Mima, mwimbaji anayekiacha kikundi chake cha wasichana watatu ili awe mwigizaji. Baadhi ya mashabiki hawamsamehe. Katika intaneti inatokea shajara iliyoandikwa kwa jina lake, yenye mambo madogo ya maisha yake ambayo hakudhani mtu mwingine anayajua. Kisha watu wanaohusika na kazi yake mpya wanauawa, na Mima mwenyewe hana hakika kama mikono yake ni safi.

Uzito wa filamu umo katika fani. Mima anaigiza mchezo wa televisheni kuhusu mauaji. Anazungumza kwa uchungu, nasi tunamwamini. Ghafla tunatambua kuwa alikuwa akiigiza tu. Anaamka kitandani, anaamka tena, hatujui lipi lilikuwa ndoto. Mtazamaji hasimuliwi mkanganyiko wa Mima, bali anatiwa ndani yake.

Mfano bora ni mbio za usiku karibu na mwisho. Kivuli cha Mima wa zamani, katika vazi la jukwaani, kinamfukuza kwa wepesi kana kwamba hakikanyagi chini. Lakini kioo kinaonyesha mwili wa mtu mwingine, mzito, unaohema. Mwigizaji wa damu na nyama angehitaji hila nyingi, nasi tungeziona. Katika mchoro, njozi na ukweli vimetoka katika kalamu moja, hivyo vina haki sawa ya kuaminiwa.

Hapa Rwanda tumezoea agasobanuye, yaani filamu ya kigeni ambayo msimulizi huipachikia sauti yake kwa Kinyarwanda, akifafanua na kutania. Sanaa hiyo naiheshimu, kwani imewafungulia wengi mlango wa sinema. Hata hivyo, filamu hii haimvumilii msimulizi: akisema tu “hii ni ndoto”, ameibomoa.

Wala jambo hili si la Japani pekee. Mkenya Ng'endo Mukii, katika filamu yake fupi Yellow Fever ya mwaka 2012, alichanganya michoro na picha za watu halisi ili kuonyesha jinsi wanawake wanavyofundishwa kuichukia rangi ya ngozi yao. Humo pia mchoro unaingia pale kamera isipoweza kufika.

Kasoro ipo. Mwisho wa Perfect Blue unafunga kila fundo kwa haraka, na Mima anapojitazama katika kioo cha gari na kujitangaza kuwa ndiye wa kweli, jibu lake ni jepesi kuliko maswali yaliyotangulia. Tena mna umwagaji damu, na tukio la ubakaji linaloigizwa studioni. Haifai kabisa kuonyeshwa watoto. Atakayeiweka mbele yao kwa kuwa ni katuni atakuwa amerudia kosa langu kwa njia nyingine.

Dhamira kuu ni swali hili: nafsi ya mtu ni mali ya nani, yake au ya wanaomtazama? Vijana wetu, ambao picha zao zinaishi katika simu za watu wasiowajua, wanalielewa swali hilo kuliko sisi.

Nilimwomba mwanafunzi wangu insha ile, akaniletea. Ukurasa wa pili aliandika habari za kioo, jambo ambalo mimi nililing'amua nilipoitazama filamu mara ya pili. Nimelifuta neno langu jekundu. Walimu wenzangu, tusome kwanza, ndipo tusahihishe.